Jamaa anakuomba akaunti 'apitishe' pesa? Soma hii kwanza

Wacha nikuulize swali moja kabla hatujafika mbali. Kadi yako ya benki iko wapi saa hii? Kama iko kwenye pochi, sawa. Kama iko kwa msee aliyekuambia "ni ya wiki moja tu, kuna pesa ya mjomba inapitia hapo," basi tuongee, hata kama unasoma hii ndani ya matatu ya kutoka Embu kwenda Meru na mtandao unakatika ukikaribia Chuka.

Aprili 2024, Benki ya Equity iliripoti kwa polisi kwamba takriban Sh179.6 milioni zilikuwa zimechotwa kupitia ulaghai wa kadi za malipo. Wengi waliisoma habari hiyo kama sinema ya Nairobi: wajuaji wa kompyuta, benki kubwa, mamilioni, mambo ya wakubwa. Mimi niliganda kwenye namba nyingine. Kulingana na ripoti hiyo, pesa ziliingizwa kwanza kwenye akaunti 551 za benki hiyo hiyo, halafu zikatawanywa hadi benki nyingine na kwenye simu.

Piga hesabu. Ni wastani wa kama Sh326,000 kwa kila akaunti. Na akaunti haifunguliwi na jini. Nyuma ya kila moja kuna kitambulisho, picha, namba ya simu na sahihi ya mtu. Sisemi wote 551 walijua kinachoendelea. Ila mwizi wa kadi ana shida moja ambayo hatuiongelei sana: kuiba ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzitoa hizo pesa bila jina lake kuonekana popote. Hapo ndipo anakuhitaji wewe, miaka 22, akaunti safi, mfuko mtupu.

Mimi mwenyewe niliwahi kuombwa. Nilikuwa nimeacha chuo, karo imenishinda, nalala kwa rafiki chumba kimoja huku Makutano, Meru. Jamaa tuliyezoeana naye kwenye kibanda cha chipsi akaniambia: fungua akaunti mpya, nipe kadi na laini, kila pesa ikiingia unajikatia elfu tatu zako. Hakutaja wizi hata siku moja. Alisema ana biashara ya mtandaoni na akaunti yake "imefika kikomo". Nakuambia ukweli, nililala nikihesabu hizo elfu tatu. Kilichoniokoa hata si akili. Nilikuwa nimepoteza kitambulisho, na bila kitambulisho sikuweza kufungua akaunti. Kilipotoka, jamaa alikuwa amehama na simu yake haishiki.

Kijana mwingine wa ploti yetu alikubali. Siku moja akaenda kutoa pesa ya HELB, mashine ikakataa. Akaunti ilikuwa imefungwa, HELB yake ikiwa ndani. Akaanza safari za kwenda kituo cha polisi kuandika taarifa kuhusu pesa ambazo hajawahi kuzila wala kuzijua zilikotoka. Jina kwenye karatasi zote lilikuwa lake. Lile la jamaa wa chipsi halikuwepo mahali popote.

Na usijifariji kwamba utasema "sikujua". Sheria ya kukabiliana na utakatishaji wa pesa ya 2009 haimgusi tu anayejua kwamba pesa ni za wizi. Inamgusa pia yule ambaye, kwa akili ya kawaida, alipaswa kujua. Adhabu yake inafika miaka 14 jela, au faini ya Sh5 milioni ama thamani ya pesa zenyewe, ile iliyo kubwa. Sasa jiulize hakimu ataonaje hadithi ya mjomba asiye na akaunti yake mwenyewe, lakini ana laki tatu za kutuma usiku wa manane.

Tugeuze upande. Hizo pesa zinazopitishwa kwako ni za nani? Wakati mwingine ni za benki. Mara nyingi ni za mtu kama mathe wako.

Chukua msimu wa bonasi ya chai, ule wa Oktoba. Wakulima wa Githongo na Imenti huku Meru, na wa Mungania na Rukuriri kule Embu, wanashuka mjini kutoa pesa waliyoingojea mwaka mzima. Foleni ya ATM ni ndefu, mzee hajazoea mashine, miwani imebaki nyumbani. Anatokea kijana mtanashati: "Shosho, nikusaidie?" Anaangalia PIN ikibonyezwa, anarudisha kadi. Shosho anashukuru, anaombea kijana baraka, anapanda gari. Kadi iliyo mkononi mwake ni ya benki ileile, rangi ileile, ila jina si lake. Na zile baraka za shosho amezipata mwizi, hiyo ndiyo huniuma zaidi.

Kwa hivyo kama ni wewe unayeshika kadi ya mzazi, usimwandikie PIN kwenye karatasi uliyoikunja pamoja na kadi. Mpeleke mwenyewe, au aingie ndani ya benki kwa karani, foleni iwe ndefu vipi. Na mfundishe kitu kimoja tu: kadi ikirudi mkononi, soma jina.

Kuna sababu wezi wanacheza na watu namna hii badala ya kucheza na mashine. Zamani kadi zilitegemea ule ukanda mweusi wa nyuma. Ukanda unabeba maelezo yaleyale kila siku, kwa hivyo kijifaa kilichobandikwa kwenye mdomo wa ATM kingeweza kuyanakili, na kamera ndogo ikarekodi vidole vyako. Mwaka wa 2014 benki za Kenya zikahamia kadi za chipu. Chipu hutengeneza alama mpya kwa kila malipo, na ukinakili ya leo, kesho haikusaidii. Wezi hawakustaafu. Walihamia mtandaoni, ambako hakuna anayeuliza chipu, na kwenye simu, ambako unajisemea mwenyewe.

Mtandaoni wanahitaji vitu vitatu: namba ndefu ya mbele, tarehe ya kadi kuisha, na tarakimu tatu za nyuma. Basi. Tovuti nyingine za nje hata hazikutumii OTP kuthibitisha. Ndiyo maana picha ya kadi uliyomtumia rafiki WhatsApp "anilipie hiyo kozi" ni sawa na kumwachia ufunguo wa nyumba. Mwenye kuiba huanza na kiasi kidogo, dola moja au mbili, kuona kama kadi iko hai. Ukiona meseji ya Sh130 kutoka duka usilolijua, usiseme "ni kidogo". Hapo bado anapima kina cha maji. Kama unanunua vitu mtandaoni kila mara, tumia kadi ya M-Pesa GlobalPay iliyoanza 2022. Inalipa kutoka kwa M-Pesa, na akaunti ya benki yenye karo au kodi haiguswi. Pia programu nyingi za benki zina mahali pa kuzima malipo ya mtandaoni. Zima, uwashe siku unanunua.

Kwenye simu mchezo ni mwingine. Anakupigia akijua jina lako lote na hata tarakimu za kitambulisho, anakuambia kadi yako inafungwa leo jioni, kisha anaomba "ile namba tumekutumia". Hiyo namba ndiyo OTP. Hakuna mfanyakazi wa benki anayeihitaji. Safaricom nao wamesema mara nyingi kwamba wakikupigia ni kwa 0722 000 000, si namba nyingine. Ukipigiwa na nyingine, kata. Usibishane naye, usimtukane, wala usimfanyie kipindi cha TikTok. Kata.

Halafu kuna laini. Akifanikiwa kuisajili laini yako upya kwenye simu yake, OTP zote zinaenda kwake. Bonyeza *100*100# uifunge, ili hakuna mtu anayeweza kuibadilisha bila kufika na kitambulisho kwenye duka la Safaricom lenyewe. Ukiwa hapo bonyeza pia *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, ikatae. Na siku simu yako itapoteza mtandao ghafla ilhali ya jirani inashika, usiketi ukingoja urudi. Azima simu, pigia kampuni na benki hapo hapo.

Maana pesa ikianza kutoka, unashindana na dakika. M-Pesa inaruhusu hadi Sh250,000 kwa muamala mmoja na Sh500,000 kwa siku, kwa hivyo akaunti ya kawaida inaisha ukiwa bado unawaeleza marafiki. Kwanza fungia kadi kwenye programu au piga ile namba iliyo nyuma ya kadi. Iweke kwenye simu sasa, sababu ukiibiwa kadi, namba imeenda nayo. Kisha nenda tawini uandike malalamiko kwa karatasi, wakupigie muhuri nakala yako. Maneno ya kaunta hayana ushahidi. Kisha polisi, upate namba ya OB. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa kupitia Visa au Mastercard, na kwa kawaida una hadi siku 120, lakini benki yako ndiyo inafungua hiyo kesi. Wakikuzungusha, andikia Benki Kuu ukiambatanisha ile nakala yenye muhuri. Kuna wengi hukata tamaa wiki ya pili, na nadhani wanaozungusha watu wanalijua hilo.

Turudi kwa ile kadi iliyo kwa msee. Usimpigie kumuuliza inaendeleaje, atakuahidi kukurudishia kesho, na kesho atakuwa amemaliza. Pigia benki kwanza ifungwe, badilisha PIN, rudisha laini mikononi mwako. Kama kuna pesa usizozijua zimeingia, usiziguse hata shilingi, hata kama hujala tangu jana. Waambie benki kwa maandishi, na nakala ibaki nayo. Unaweza pia kupigia DCI bila malipo kwa 0800 722 203. Msee utampigia baadaye, ukiwa na kadi mpya.