Ukitaka kujua chuo cha upishi, omba kuona jiko

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haitulii. Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya barabarani hapa Korogwe, na ndugu zangu wa Handeni wameshanifanya wakala wa vyuo vya upishi. "Shangazi, chuo gani kizuri?" Wengi wanaouliza wameshachagua. Wameona kipeperushi chenye kijana aliyevaa kofia ndefu nyeupe, sasa wanatafuta baraka na mchango wa ada.

Baraka sitoi kabla sijaliona jiko.

Juzi juzi nilimsindikiza mtoto wa kaka yangu kwenye chuo kimoja, jina nalihifadhi. Ofisini kiyoyozi, ukutani picha za mahafali. Nikaomba kuona jiko. Ufunguo ukatafutwa weee! Ndani tukakuta jiko la gesi la plati nne na masufuria yanang'aa kama ya dukani. Nikauliza mara ya mwisho walipika nini. Nikajibiwa kwamba siku ya vitendo wanafunzi huchangishana hela ya sokoni. Tukaaga.

Chuo kinachofundisha kupika sharti kinunue chakula, tena mara kwa mara, na gharama hiyo iwe ndani ya ada. Mzazi, uliza: kila mwanafunzi anapika kwa mkono wake, au mmoja anakoroga wenzake wanaandika? Kuku mzima anakatwa na nani? Mafunzo kwa vitendo wanapelekwa hoteli gani, na nani anakwenda kuwakagua?

Nauliza hivyo kwa sababu naijua kazi. Basi la Arusha likiingia hapa, abiria wana dakika chache tu, na humo humo waende chooni. Kama vitunguu havijakatwa, kuku hawajachemshwa na mafuta hayajapata moto, utawalisha watu chipsi mbichi. Halafu kuna hesabu. Kilo ya mchele ikiiva inakaribia kilo tatu za wali. Asiyelijua hilo atapika wa kumwaga au wa kugombewa. Na wali ukilala sufuriani bila kupozwa vizuri, vijidudu huzaliana na vinaweza kuacha sumu isiyoondoka hata ukiupasha moto. Nimepokea vijana wenye vyeti wanaojua kukunja kitambaa cha meza kikawa bata, lakini habari ya wali uliolala wameisikia kwangu. (Na bada, ugali wetu wa muhogo, hawajawahi kuusonga. Wateja wa Tanga wanauulizia kila siku.)

Vyuo vya maana vipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina chuo cha hoteli na utalii Njiro, Arusha, na Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Lakini mtu wa Handeni kwa nini aanze kwa kupanda basi? Pale pale wilayani kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha mtandao ulioanzishwa miaka ya 1970 kwa mfano wa vyuo vya Sweden. Abishe hodi hapo kwanza, aulize maswali yale yale. Popote atakapofika, aombe namba ya usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, na aihakiki mwenyewe.

Kuna njia nyingine ambayo wazazi wanaidharau. Kijana akianzia kwa mama lishe, ujuzi wake haupotei. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa: mtu anapimwa kwa vitendo, akifaulu anapewa cheti, na wapishi ni miongoni mwa wanaopimwa. Kwa familia isiyo na hela nyingi, ushauri wangu ni mtoto afanye kwanza miezi kadhaa kwenye mgahawa wa kweli, ndipo chuo kifuate. Wangapi wamekuja kwangu wakitaka ushefu, wakamenya gunia moja la viazi, kesho yake simu haipatikani! Afadhali hilo lijulikane kabla ng'ombe hajauzwa.

Mpwa wangu yuko mgahawani Mkata sasa, anaosha vyombo na kukaanga samaki asubuhi. Kaka yangu amenuna, anadai nimemfanya mwanawe mtumishi. Ada yake bado anayo.