Chui umemvaa, mbuzi wa mjomba nani atalipa?

 

Juzi kwenye Hiace ya Usa River nilikaa na sista mmoja kapiga pamba za kufa mtu. Sketi madoa ya chui, kilemba chui, mpaka kipochi chui! Konda akamtania, "Dada, usije ukaning'atia abiria." Gari zima hoi. Nikacheka na mimi, ila roho ilikuwa kwa mjomba wangu, maana nilikuwa nakwenda kumpa pole. Yeye kamtembelea chui wa kweli.

Mjomba anakaa kule juu, miteremko ya Mlima Meru, migomba yake imekaribiana kabisa na msitu. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Kama umefuata mchuzi wa mbuzi umechelewa, mwenzio kishakula." Mbuzi watatu usiku mmoja! Mmoja kabebwa, wawili wameachwa wamekufa. Na hao ndio walikuwa wauzwe ili binti yake alipiwe shule.

Akanionyesha mzoga mmoja kaufunika kwa majani ya mgomba. Mpango wake ulikuwa kuutia sumu, chui akirudi amalizane naye.

Nikashtuka. Sumu haichagui, wapenzi. Fisi atakufa, tai atakufa, mbwa wa jirani naye hatapona. Halafu chui analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, ukikamatwa hapo hakuna cha "naomba msamaha". Nilipoanza kuhubiri, mjomba akanikata: "Nyie wa mjini mnampenda chui kwa sababu hamlali naye jirani."

Nikakosa jibu. Kweli tupu!

Hebu tupige hesabu. Themi, Naura, Kijenge, mito yote hii inayopita mjini inashuka kutoka Meru. Msitu ule ndio unaoshika mvua na ukungu, sisi tunapata maji. Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianza mwaka 1960 pale Ngurdoto, mwaka 1967 ikaongezwa sehemu ya mlima, leo ina kilomita za mraba 552. Watalii wanakuja, mahoteli yanajaa, washikaji zetu wanaoongoza wageni wanakula bata. Lakini mbuzi anayeliwa usiku ni wa mjomba peke yake.

Na chui mwenyewe hana makuu. Simba hutawakuta katika hifadhi ile, kwa hiyo yeye ndiye bosi wa paka wote. Riziki yake ni digidigi, nguruwe pori, nyani na mbega. Sasa miti ikikatwa kwa mbao na mkaa, wanyama wakinaswa kwa nyaya za wawindaji, unadhani atakula nini? Atashuka bandani. Ndugu yangu unayesukumia chipsi mayai kila jioni, umewahi kuuliza ule mkaa umetoka wapi?

Sista wa Hiace mimi simlaumu. Miaka ya 1960 wenzetu wa Ulaya na Marekani walivaa ngozi yenyewe. Mwaka 1962 mke wa Rais Kennedy alionekana na koti la chui, fasheni ikawaka moto na chui wengi wakachinjwa. Mkataba wa CITES ulipoanza kufanya kazi mwaka 1975 ndipo biashara ile ya ngozi ikabanwa. Kitambaa cha leo hakimwagi damu. Kazi iliyobaki ni ya sumu, nyaya na shoka.

Basi tukafanyaje? Kule Loibor Siret, Simanjiro, wafugaji wanazungushia maboma yao waya, nguzo zikiwa miti hai inayochipua. Kila mwaka ukuta unazidi kuwa mnene, na simba na chui wanapata shida kuingia. Nikamwambia mjomba tujaribu. Fito zilizooza tukazitoa, waya nikanunua mimi kwa hela ya safu mbili, juu tukafunika maana chui ni bingwa wa kupanda. Ule mzoga tukauzika. Kisha tukaenda ofisi ya kijiji kuandikisha hasara, maana tangu mwaka 2011 kuna kanuni za kifuta jasho. Si fidia, ni jasho tu linafutwa, lakini usipotoa taarifa hupati hata hilo.

Mpaka naandika haya mbuzi waliobaki wako salama. Mjomba anasema usiku bado anamsikia chui, sauti kama mtu anapasua mbao kwa msumeno. "Siku hizi nikisikia," kaniambia, "naomba Mungu awe chui kweli, asiwe mtu na msumeno."

Nawe mwenye mjomba kule juu, wikiendi hii usiende mikono mitupu. Peleka waya.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.