Masaji ya uso ni mikono, si kopo lisilo na jina

Wiki jana nililipa franka 15.000 ili mtu anikande uso. Wenzangu wa redio walicheka siku mbili. Mwanaume na masaji ya uso? Ndiyo, mwanaume. Na nitarudi.

Mnajua kiangazi cha hapa Lubumbashi. Mvua ikikatika, vumbi jekundu linaingia kila mahali, na sisi tunaozunguka na pikipiki kati ya Katuba, Kenya na Ruashi kutafuta habari tunarudi jioni na uso kama tofali. Tena kazi yangu ni ya mdomo. Nikimaliza matangazo ya jioni taya zinakuwa ngumu, maumivu yanapanda hadi kichwani. Hilo ndilo lililonipeleka, si urembo.

Mama aliyenihudumia alijifunza kazi hiyo, na ilionekana. Alinawa mikono mbele yangu. Aliuliza kama nina kidonda, chunusi zilizoiva au mafuta yanayonidhuru, maana mwenye hayo hakandwi hovyo. Alinisafisha kwa maji ya uvuguvugu, akapaka mafuta kidogo, akaanza shingoni, akapanda kidevuni na mashavuni, polepole, bila kuvuta ngozi. Alipofika kwenye msuli wa kutafunia, ule unaovimba ukiuma meno, alibaki hapo akizungusha vidole viwili mpaka machozi yakanilengalenga. Dakika 40. Nilisinzia mdomo wazi, nasikia.

Faida niliziona: damu inatembea chini ya ngozi, misuli inalegea, kichwa kinatulia. Anayewaahidi kwamba makunyanzi yatakwisha kabisa anauza maneno.

Lakini hiyo ilikuwa saluni ya pili. Katika ile ya kwanza, mwezi uliopita, dada alitoa kopo lisilo na lebo yoyote. "Papa, tupake na hii, utatakata." Ndani kuna nini? "Ni dawa tu, wateja wote wanaipenda." Nikavaa koti langu.

Krimu nyingi za kujichubua zina hidrokinoni, steroidi kali au zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi na kuharibu figo. Hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuacha mabaka meusi magumu kuondoa. Ulaya iliikataza katika vipodozi vya ngozi tangu 2001. Steroidi inafanya ngozi kuwa nyembamba, hata daktari akitaka kushona kidonda anapata shida. Sasa fikiria kitu hicho kinasuguliwa usoni nusu saa, ngozi ikiwa imepata joto. Kinaingia zaidi kuliko ungejipaka mwenyewe nyumbani.

Kwa maoni yangu, kosa si la dada yule peke yake. Wakusanya kodi wanajua njia ya kila saluni. Komini ingetuma mtu pamoja nao afungue na makopo. Na sisi wateja tuombe kusoma lebo. Kama haipo, tubebe mafuta yetu kutoka nyumbani. Wengi wananiambia wanaogopa kuuliza, eti fundi atakasirika.

Mama wa wiki jana hakukasirika. Alinipa chupa nisome: mafuta ya alizeti. Nimechukua nafasi ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwenzangu aliyecheka kuliko wote ameniuliza bei.