GARI LA MIZIGO LA ARUSHA NA GATI LA TANGA

Katika ukurasa huu leo twapenda kunena juu ya reli itokayo Arusha kwenda bandari ya Tanga. Wako watakaouliza, Je, makarani wana nini na reli? Jibu letu ni kwamba kila mfuko wa saruji, kila gunia la mbolea na kila bati tulinunualo limekwisha kulipiwa nauli ya njiani kabla hatujalilipia sisi dukani, wala mshahara wa karani hauna mlango wa nyuma wa kuikimbia nauli hiyo.

Yafaa kwanza tukumbuke jinsi ilivyojengwa. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, nayo ilikwenda mwendo wa kobe. Muheza ilifikiwa mwaka 1896, na hapo kampuni iliyoijenga ikaishiwa na fedha, hata Serikali ya Wadachi ikalazimika kuichukua mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Kisha vita vikaja. Mwaka 1916 Waingereza waliileta reli yao kutoka Voi kwa njia ya Taveta wakaiunganisha na hii yetu karibu na Kahe, na tangu siku hizo mzigo wa milimani ukawa na bahari mbili za kuchagua, Tanga na Mombasa. Arusha yenyewe haikupata reli mpaka mwaka 1929. Basi tangu jembe la kwanza kupigwa Tanga hata gari kufika chini ya mlima Meru ilipita miaka 36. (Wala si ajabu kwamba chama cha kwanza cha watumishi Waafrika wa Serikali katika nchi hii kiliundwa Tanga mwaka 1922, kwa juhudi ya Bwana Martin Kayamba. Palipokuwa na bandari na reli ndipo palipokuwa na makarani.)

Kazi hiyo ya miaka 36 iliachwa ikaota majani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 njia ya Voi ilikatika. Mwaka 2007 reli ya nchi iliwekwa chini ya kampuni iliyoshirikiana na watu wa India, na magari ya mizigo ya Tanga na Moshi yakasimama. Serikali ikairudisha mikononi mwake mwaka 2011. Muda wote huo malori ndiyo yaliyotubebea. Hatuwalaumu wenye malori. Walifanya kazi iliyoachwa na mwenziwe. Lakini mzigo mzito unaokwenda mbali si kazi ya lori. Behewa moja la reli yetu ya upana wa meta moja hubeba kadiri ya tani 40. Mabehewa 20 ni tani 800, na kwa mzigo huo yatakiwa malori 26 au zaidi, kila moja na dereva wake, mafuta yake, magurudumu yake, na uharibifu wake wa barabara ambao sisi sote twaulipia katika kodi.

Kwa hiyo tulifurahi mwaka 2019, gari la mizigo lilipofika tena Moshi baada ya miaka 12, na tukafurahi zaidi Oktoba 2020 treni ya abiria ilipoingia Arusha. Tena huko pwani kazi kubwa imefanyika. Zamani meli ilitia nanga mbali na Tanga, kadiri ya kilometa 1.7 kutoka gatini, na shehena ikashushwa katika matishari, kisha ikapandishwa tena nchi kavu. Mlango wa bandari ulikuwa na kina cha meta 3 tu. Sasa umechimbwa hata kufika meta 13, na magati mawili yenye urefu wa meta 450 yametengenezwa, kwa gharama ya shilingi bilioni 429 na zaidi. Meli yaja mpaka ukutani.

Basi bandari imepona, na reli imefufuliwa. Kilichobaki ni nini? Kilichobaki ni kuviunganisha viwili hivi kila juma, kwa siku ijulikanayo. Mfanyabiashara wa Arusha haulizi kama reli ipo. Auliza: gari laondoka lini, lafika lini, na mzigo wangu utapakiwa mara ngapi? Kama behewa laishia stesheni, na meli yaishia gatini, na katikati yake lazima lori likodishwe, mtu huyo amelipa wapagazi mara mbili na faida ya reli imeliwa katika mwendo mfupi wa mwisho. Atamwita mwenye lori tangu mwanzo, naye ana haki. Gari la mizigo lisilo na siku yake ni kama daktari asiye na saa za kazi. Wagonjwa watakwenda kwa mganga.

Wako wasemao, Ngojeni, reli mpya ya upana mkubwa yaja, itakayotoka Tanga kupitia Arusha hata Musoma, na matawi yake ya kwenda Minjingu kwenye mawe ya mbolea na Engaruka kwenye magadi. Twaitamani sana reli hiyo. Lakini ingali mpango, na mpango haubebi gunia. Nasi tumekwisha kuona Muheza ilivyongoja. Reli ya zamani ikiachwa tena kwa sababu mpya yatarajiwa, mvua za masika za Meru na Kilimanjaro zitaziba makalvati na kula matuta kama kawaida yake, mafundi waijuao njia watastaafu, na wateja wachache waliorudi watapotea. Tena reli mpya itahitaji wateja waliozoea kupeleka mzigo kwa reli, na mazoea hayo hujengwa sasa.

Twaomba basi mambo ambayo hayangoji fedha za kujenga nchi nzima. Gari moja la mizigo kila juma, siku yake itangazwe na kubandikwa stesheni Arusha, lishuke mpaka gatini Tanga na kurudi, hata kama juma la kwanza mabehewa ni manne. Mzigo wa Serikali yenyewe, mbolea, saruji, mabati ya shule na madawati, utangulie kupewa reli, maana mteja mkubwa kuliko wote hawezi kuwataka wengine wapande gari analolikwepa yeye.

Na hapa lawama yatugeukia sisi. Hati za forodha na za shehena hupita mikononi mwa makarani. Mzigo ukilala siku nne Arusha kwa kungoja muhuri, gari litaondoka bila huo mzigo, na mwenye mali atasema reli ni mbovu kumbe kalamu ndiyo iliyochelewa. Wanachama walio katika ofisi hizo twawaomba wapime tangu sasa, kwa saa na si kwa siku, muda ambao hati moja hukaa mezani kwao, nao watuletee hesabu hiyo katika mkutano ujao. Katibu ataipeleka kwa Mkuu wa Stesheni pamoja na ombi letu la ratiba.