Mwanaume akipika kwa malipo ni ajira, akimpikia mwanawe ni limbwata?



Leo nina hasira kidogo, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Mtanivumilia.

Miezi minne iliyopita mhariri alinituma kuandika habari ya upimaji wa afya bure hapa Dar es Salaam. Nikahoji watu, nikapiga picha, nikaanza kufungasha vitu vyangu. Muuguzi mmoja akaniita: "Kaka mwandishi, na wewe njoo tukupime." Nikakaa huku nacheka. Mashine ikasoma 148 kwa 96. Akasubiri kama dakika kumi, akapima tena, mambo yaleyale. Akaniuliza umri, nikamwambia 28. Akaniuliza jana usiku nilikula nini. Nikanyamaza.

Nilikula zege, jamani. Chipsi mayai, kama juzi yake na kama mtondo wake. Na sikula peke yangu. Binti yangu wa miaka mitatu naye alikula, akashushia na soda.

Habari yangu ilitoka kesho yake. Niliandika kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha takribani robo ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Sikuandika kwamba hata mwenye kalamu hali yake si nzuri.

Sasa niseme kilichonikera. Vijana wenzangu tukikaa vijiweni wimbo wetu ni mmoja: wanawake wa siku hizi hawapiki, wanatulisha chipsi. Nimeuimba sana wimbo huo. Lakini hebu tuangalie nyumbani kwangu. Mke wangu anatoka kazini Posta saa kumi na moja jioni, anapanga foleni ya mwendokasi, anafika Kimara saa moja na nusu usiku akiwa hoi. Mimi, siku ambazo sina zamu ya usiku, saa kumi na mbili nimeshafika. Nafanya nini? Nakaa kwenye kochi, nasubiri taarifa ya habari, namsubiri na yeye aje apike! Akifika hata nguvu ya kumenya kitunguu hana, tunaagiza chipsi. Halafu Jumamosi naenda kijiweni kulalamika. Haya, nani asiyepika hapo?

Wengine mmemwachia kila kitu dada wa kazi, binti ambaye hata yeye bado anahitaji kulelewa. Mnamwachia hela ya soda na biskuti, kisha mnashangaa mtoto anakataa ugali.

Najua jibu lenu. Mwanaume akiingia jikoni, amelishwa limbwata. Jamani! Anayekukaangia chipsi pale kona ni nani? Mwanaume. Anayechoma mishkaki? Mwanaume. Mpishi wa pilau la harusi uliyokwenda mwezi jana? Mwanaume. Wote hao mnawaheshimu, mnawaita mafundi. Ila baba akimpikia mwanawe dagaa, majirani wanaanza kunong'ona. Huo si utamaduni, ni uvivu uliovaa kanzu ya utamaduni.

Jibu la pili ni kwamba chakula bora ni cha matajiri. Tupige hesabu za mtaani kwangu. Sahani mbili za chipsi mayai kwa 3,500 kila moja ni 7,000. Soda mbili ni 1,600. Jumla 8,600, na mtoto anadonoa za kwetu. Sasa twende sokoni: dagaa wa 1,500, mchicha wa 1,000, nyanya, kitunguu na mafuta 1,000, unga wa 1,000, ndizi mbivu za 1,000. Jumla 5,500, tunashiba wote watatu. Ongeza gesi, chenji bado inabaki.

Na hiyo 8,600 tunanunua nini hasa? Viazi vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika mpaka yakawa meusi, na chumvi inayomwagwa bila kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kuhusu sukari ya kuongezwa, linasema ingekuwa vizuri isizidi gramu 25 hivi kwa siku. Soda ya kola ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30. Hayo ni makadirio ya mtu mzima. Mimi nilikuwa nampa mtoto wa miaka mitatu!

Halafu kuna sembe, ugali mweupe tunaouona ndio wa watu waliostaarabika. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini vinaondoka pamoja na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini B. Pumba anapewa kuku, sisi tunabaki na wanga. Yaani kuku wa jirani anakula vizuri kuliko mwanangu! Siku hizi tunasaga dona. Ila chagueni mahindi makavu yasiyo na ukungu, maana sumukuvu si mchezo. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Sitaki mdhani kwangu mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza niliunguza maharage mara mbili. Binti yangu aliusukuma mlenda, akalilia chipsi siku tatu mfululizo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tukajifunza. Jumamosi usiku naloweka maharage, Jumapili nachemsha ya wiki nzima na kuyagawa kwenye vikopo kwenye friji. Anayewahi kufika ndiye anayewasha jiko, hakuna mjadala. Chipsi hatujazipiga marufuku, tunakaanga wenyewe Jumamosi, na mtoto anasaidia kuosha viazi.

Wiki iliyopita nilipima tena: 136 kwa 88. Sijapona, na sisemi mchicha ni dawa. Daktari bado ananifuatilia. Lakini juzi mwanangu aliniuliza, "Baba, leo unapika nini?" Miezi minne iliyopita swali hilo asingeniuliza mimi. Angemuuliza mama yake, au yule kaka wa kona.

Ni hayo tu kwa leo. Maharage yako jikoni, ngoja nikayaangalie kabla hayajaungua tena. Mwenye hoja ya kunipinga anipinge, ila kwanza atuambie jana usiku kwake alipika nani.