Ubao wa zamani ndio kipimo cha ubao mpya

KUTOKA UFUKWENI
Na Kulwa Magesa

Kwenye ufukwe wetu, kuanzia Mwanza hadi Ukerewe, fundi mitumbwi akikuta ubao mmoja umeoza hauvunji mtumbwi mzima. Huung'oa ubao ule taratibu, akaulaza juu ya ubao mpya, akachora akiufuata, ndipo akachukua msumeno. Mwisho hutia kalafati kwenye maungio, mtumbwi ukarudi majini. Ubao mbovu hauwezi kubeba tena, lakini bado unafundisha.

Nimeukumbuka utaratibu huo baada ya msomaji mmoja wa hapa mjini kuniuliza kuhusu gari lake la michezo, Triumph TR6 ya Kiingereza. Dashibodi yake ya mbao imepasuka na kubanduka. Fundi wa kwanza amemwambia aitupe, aweke plastiki. Wa pili amemwambia achongewe ubao mzima wa mninga. Siungi mkono ushauri wa yeyote kati yao.

TR6 zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1968 na 1976. Dashibodi yake si ubao mzima. Ni plaiwudi iliyobandikwa vinia, yaani utando mwembamba wa mti wa mjozi, kisha ikapakwa vanishi. Jua letu hupiga kupitia kioo cha mbele na kuipasua ile vanishi. Unyevu hupenya kwenye nyufa, gundi ikaachia, vinia ikanyanyuka. Ukiweka plastiki, umelinyang'anya gari sura yake.

Na mninga je? Naupenda mti huo, na ni kweli kwamba hautanuki wala kunywea sana kama mbao nyingine nyingi. Lakini dashibodi hukatwa matundu makubwa ya spidomita na geji, na kati ya tundu na tundu hubaki ukanda mwembamba. Ubao mzima ukicheza na hali ya hewa, hapo ndipo utakapopasuka. Plaiwudi hustahimili kwa sababu matabaka yake yamepishana nyuzi, hivyo kila tabaka hulizuia jingine.

Basi mninga uwe vinia juu ya plaiwudi nzuri, ile isiyoogopa maji. Bandika vinia pande zote mbili, mbele na nyuma, hata kama nyuma hapaonekani. Ukibandika upande mmoja tu, gundi na unyevu vitauvuta ubao upinde. Vanishi nayo ipakwe nyembamba mara kadhaa, kila mkono ukauke na kupigwa msasa laini kabla ya unaofuata, mbali na vumbi la barabarani. Fundi anayekuahidi kumaliza yote kwa siku moja, mshukuru uondoke.

Kabla ya yote hayo, fungua waya hasi wa betri. Piga picha nyuma ya dashibodi na ufunge kijikaratasi chenye namba kwenye kila waya. Mbao haipitishi umeme, kwa hiyo geji zake hutegemea nyaya za ethi. Ukisahau kurudisha waya mmoja, geji itasoma uongo na utalaumu injini isiyo na kosa.

Neno la tahadhari kwa wenye magari mengine: usitie mbao mahali ambapo hapakuwa na mbao. Datsun 240Z ilishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973, ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala. Dashibodi yake haikuwa ya mbao. Kuibandika mninga leo ni kuisingizia historia yake.

Hili naliona ni zaidi ya gari la mtu mmoja. Tuna maseremala wanaoweza kukata vinia na kuilinganisha, na tuna vijana wanaohitimu vyuo vya ufundi vya VETA kila mwaka. Wanachokosa ni kazi ngumu ya kuwanoa. Mwenye gari la kale anayeagiza dashibodi nzima Ulaya amepata ubao, lakini mji haukupata fundi. Anayekaa na seremala wetu, akamwekea ubao wa zamani mezani na kumlipa muda wake, ameacha ujuzi utakaomhudumia na mwingine.

Ndugu msomaji uliyeniuliza, usiutupe ubao huo. Utumie kuwa kipimo, kisha uuhifadhi ndani pakavu. Unaponunua mninga, uliza kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, maana mti huo haukui haraka porini. Na nyuma ya dashibodi mpya, pale pasipoonekana, mwambie fundi aandike jina lake, mwaka na neno Mwanza. Siku itakapochoka, fundi atakayeifungua ajue ilitoka mikononi mwa nani.