Kipande cha okazi si dhambi, kuficha ndiyo dhambi

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani, Kalemie, Kolwezi na Lubumbashi,

Kila siku, toka Birere mpaka Kadutu, toka Kadutu mpaka komini ya Kenya kule Lubumbashi, simu zinafunguliwa juu ya meza za mafundi. Zinafungwa, mwenyewe analipa, anaenda. Wameweka nini ndani? Kioo kimetoka mu simu gani? Batri iko na miaka mingapi? Fundi hasemi, mteja haulizi. Tumezoea. Leo tunasema: mazoea haya yaishe.

Lakini tusikilizane vizuri kwanza, maana kuna watu watatugeuzia maneno. Hatupingi vipande vya okazi. Tunavitetea. Kioo kizima kilichotoka mu simu iliyokufa, kamera iliyotoka mu simu iliyopasuka, tundu la chaja lililotolewa na kuungwa upya kwa mkono wa kijana wa kwetu: hiyo ni kazi, na ni kazi ya akili. Kinachotuchoma roho ni uongo unaokizunguka. Kipande cha okazi kinauzwa kwa jina la kipya, kwa bei ya kipya, kwa muntu anayeamini kwamba ni kipya. Kipande hakina kosa. Mdomo ndio uko na kosa.

Tuanze na wale wenye kusema: "Okazi ikatazwe kabisa, ni uchafu wa wazungu na Wachina wanatutupia." Hasira yao tunaielewa, lakini wafanye hesabu. Mwanafunzi wa chuo kikuu ameangusha Tecno yake. Kama kioo kipya kinakaribia bei ya simu nzima, atafanya nini? Atakaa bila simu, maana yake bila masomo ya WhatsApp, bila feza ya Mobile Money, bila habari ya nyumbani. Okazi ndiyo inamurudisha kati ya watu. Ukikataza okazi, tajiri hatasikia kitu. Maskini ndiye utamukata mikono.

Tena wanafikiri kwamba "mpya" ni neno takatifu. Wakumbuke mwaka 2016. Samsung ilitoa Galaxy Note 7, simu mpya kabisa, ya bei ya juu, toka kampuni yenyewe. Batri zikaanza kuwaka moto. Simu karibu milioni 2,5 zikarudishwa, na mwezi wa Oktoba kampuni ikaacha kuitengeneza. Upya peke yake haulindi muntu. Kinacholinda ni kupima kitu na kusema ukweli juu yake.

Na sisi Wakongomani tuko na sababu moja ambayo wengine hawana. Mwaka 2023, zaidi ya 70% ya kobalti yote iliyochimbwa duniani ilitoka mu inchi yetu, upande wa Kolwezi na Likasi, na kobalti inaingia mu batri za simu. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantali, ile inayoingia mu vipande vidogo vidogo vya umeme juu ya plake ya simu. Tunajua inatoka vipi: vijana wa umri wetu, na koleo, na mashimo yanayoporomoka mvua ikinyesha. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za elektroniki, na hata robo yake haikuonekana kukusanywa na kutumiwa tena vizuri. Kutupa kipande ambacho bado kinatumika ni kumuambia yule mchimbaji: rudi mu shimo. Kama kuna watu duniani wanaopaswa kuheshimu kipande cha zamani, ni sisi.

Ndiyo maana uongo unatuuma zaidi. Unachafua kazi ambayo ingetupa heshima.

Tuutaje uongo kwa majina yake. Wa kwanza: "Ni orijinali, mama." Kumbe ni kopi. Ama ni kioo cha kampuni kweli, lakini kilipasuka: wamekipasha moto, wamekata gundi kwa uzi mwembamba wa chuma, wamebandika kioo kingine juu. Kazi hiyo ikifanywa vizuri, kioo kinaishi. Ikifanywa vibaya, baada ya juma mbili unaona madoa, kidole kinagusa hapa simu inaandika kule. Mama alipaswa kujua ni ipi analipia.

Wa pili: simu inaingia na batri nzuri, inatoka na batri mbaya. Umeleta simu kwa ajili ya kioo tu, unarudi nyumbani saa tisa simu imezima. Hapo hatuko tena mu mambo ya okazi. Huo ni wizi, uitwe wizi.

Wa tatu ni batri yenyewe, na hapa hatuna kicheko. Kioo cha okazi kikikudanganya, unapoteza feza. Batri ikikudanganya, unaweza kupoteza nyumba. Batri ya lityumu inazeeka hata bila kutumiwa sana. Ikizeeka inashikilia moto kidogo, inaweza kuvimba, na ikitobolewa ao kubanwa inaweza kuwaka. Kubandika karatasi mpya juu ya batri ya zamani, kuandika juu yake namba kubwa ya mAh, kuiuza kama imetoka kiwandani leo: fundi anayefanya hivyo anajua kwamba ile simu italala chini ya mto wa mtoto. Kwetu sisi, batri iliyovimba haina bei. Hairudi mu simu ya muntu, hairudi mu pawabanki, haitobolewi, haichomwi mu takataka za kartie. Inawekwa pembeni, mbali na moto.

Wa nne hausemwi sana: vitu vya muntu vilivyobaki ndani ya plake. Plake ya okazi inaweza kuwa na picha, mazungumzo, namba za watu wa mwenyewe wa zamani. Fundi anayeuza plake bila kufuta anauza maisha ya muntu. Na wewe unayeuza simu yako iliyokufa "kwa ajili ya vipande," ujue hilo pia. Mu inchi ambamo ujumbe mmoja wa WhatsApp unaweza kukupeleka mu kasho, hii si habari ya teknolojia.

Halafu kuna ule mkubwa kuliko yote: kipande kinatoka wapi? Mu miji yetu watu wanapigwa, wengine wanauawa usiku, ju ya simu. Simu hiyo asubuhi inakwenda wapi? Kama haiuzwi nzima, inakatwa vipande, na kila kipande kinapata jina jipya: okazi. Fundi anayenunua bila kuuliza anamupa mwizi sababu ya kutoka tena kesho usiku. Asituambie kwamba hajui. Muntu anayeleta simu tatu zenye kufungwa na kode, saa mbili asubuhi, bila chaja, anataka feza haraka: unajua. Kupokea mali ya wizi ni kosa mu sheria zetu za makosa tangu 1940. Lakini hata bila sheria, fundi, uko na mama na dada wanaorudi nyumbani giza likiingia.

Wenye kuongoza inchi walisema watatulinda juu ya jambo hili. Septemba 2020 walituletea RAM, ile orodha ya simu. Walisema itapiganisha wizi na simu za bandia. Yunite zikakatwa mu simu zetu, mpaka dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G. Raia wakakataa, na mwanzo wa 2022 ikafutwa. Feza ilikwenda, wizi ulibaki. Kwa hiyo hatungojei kuokolewa na kodi nyingine.

Sasa tusikie sauti ya mafundi, maana wako wengi wenye roho safi, na wengine ni wenzetu. Wanatuambia mambo mawili. La kwanza: "Mteja anatafuta bei tu, hana haja ya kujua." Vizuri. Kama hana haja, kumuambia hakukugharimu kitu: sema. Na kama kumuambia kutafanya akatae ao apunguze bei, basi alikuwa na haja, na wewe ulimunyima haki ya kuchagua ndani ya feza yake mwenyewe. Hakuna mlango wa tatu hapo.

La pili ni zito zaidi: "Nikisema ukweli peke yangu, mteja ataenda kwa jirani atakayemuambia ni mpya." Ni kweli. Ukweli wa muntu mmoja unakufa njaa. Ndiyo maana hatuombi shujaa mmoja, tunaomba avenue nzima. Mafundi wa avenue moja wakubaliane: bei tatu, zimeandikwa juu ya karato mbele ya meza. Kipya cha kampuni, kopi mpya, okazi iliyopimwa. Kila moja na siku zake za garanti. Mama akisoma bei tatu, anachagua mwenyewe. Wengi watachagua okazi, na hawatarudi na matusi, kwa sababu walijua. Imani ya wateja inaingiza feza kuliko uongo wa siku moja.

Wala tusiwapige mafundi peke yao, huku wakubwa wa biashara hii wanakaa kwa raha. Mwaka 2020, Apple ililipa faini ya milioni 25 za euro mu Ufaransa, kwa sababu haikuwaambia watu kwamba programu mpya inaweza kupunguza mwendo wa iPhone zenye batri ya zamani. Tazameni vizuri kosa lilikuwa nini: kunyamaza. Lile lile tunalomulaumu fundi wa Birere, isipokuwa huyu wa Birere hana avoka.

Tena kampuni zinafunga vipande kwa programu: kioo ao batri ya kweli, ikitoka mu simu moja kuingia mu nyingine ya namna ile ile, simu inalalamika ao inakataa kufanya kazi yote. Hiyo inamusukuma fundi mwaminifu mu giza pamoja na mwizi. Mwaka 2024 jimbo la Oregon, mu Marekani, lilipitisha sheria ya kukataza mchezo huo, na mwaka ule ule Apple ikatangaza kwamba itakubali vipande vya okazi vya kweli mu simu zake za karibuni, na kwamba itazuia vile vinavyotoka mu simu iliyofungwa kwa sababu ya kuibiwa ao kupotea. Inawezekana, basi: kufungulia okazi halali, na kufungia ya wizi. Kama inawezekana kwa raia wa Oregon, inawezekana kwa raia wa inchi yenye kobalti.

Kwa hiyo tunasema hivi:

1. Kwa mafundi: semeni kipande ni nini kabla ya kufungua simu. Andikeni juu ya karatasi: kipande, hali yake, bei, garanti. Murudishieni mteja kile cha zamani, ni chake. Simu isiyo na mwenyewe wala maelezo, msiinunue hata kwa franga moja.

2. Kwa sisi wateja: tuulize, kwa heshima. "Yaya, hii ni mpya, ni kopi, ao ni okazi?" Piga *#06# upate namba 15 za IMEI ya simu yako, uiandike nyumbani, kusudi siku ikipotea uwe na kitu cha kuonyesha. Kama uko na iPhone ya 12 ama ya nyuma yake, mu Réglages, Général, Informations, inakuonyesha kama kioo, batri ao kamera ilibadilishwa. Na tuache kutaka kitu cha dola 40 kwa dola 10 kisha kulia kwamba tumedanganywa. Bei isiyowezekana nayo ni uongo, na sisi ndio tunaoagiza.

3. Kwa wenye kuingiza vipande kwa makarato: andikeni juu ya karato kama ni mpya, kopi ao okazi. Uongo mwingi unaanzia mu depo, fundi anaurithi tu.

4. Kwa wenye mamlaka: sheria yetu ya mikataba ya 1888 tayari inamufanya muuzaji ajibu juu ya kasoro aliyoificha. Itumieni. Fungueni mahali pa kuweka batri zilizokufa mu kila mji. Na musigeuze jambo hili kuwa sababu ya kuwafukuza mafundi barabarani ama kuwatoza kitu kila asubuhi.

Kijana anayefufua simu juu ya meza ya mbao, chini ya parasoli, anafanya kile viwanda vikubwa vinakataa kufanya. Tunataka siku moja aweze kusema kwa sauti, mbele ya watu wote: "Hii ni okazi, papa, nimeipima, na nikikudanganya unirudishie." Siku hiyo mwizi wa usiku atakosa soko.

Avenue ya kwanza itakayokubali bei tatu, ituandikie. Tutakuja kutengeneza simu zetu pale, na tutaleta wengine.